Haki Zote za Bi Sikudhani

Ipo nchi moja, msiniulize iko upande gani, maana wenyewe hawapendi kuulizwa. Inaitwa Jamhuri ya Mustarehe. Ni nchi njema. Wimbo wake wa taifa una beti nyingi na zote huimbwa, wananchi wakiwa wima juani. Hakuna anayelalamika huko, kwa sababu malalamiko yana idara yake, na idara hiyo iko likizo.

Ilitokea mwaka mmoja wafadhili wa ng'ambo wakauliza, kwa adabu tu, kama wafanyakazi wa Mustarehe wana haki. Swali hilo lilimchoma Waziri wa Kazi, Amani na Ukimya, Mheshimiwa Tandabui.

"Haki?" aliwauliza waandishi wa habari, macho yamemtoka. "Sisi tunazo hadi za akiba! Tuna haki ambazo bado ziko kwenye makasha, hatujazifungua!"

Basi zikafunguliwa. Bunge lilipitisha Sheria ya Wawakilishi asubuhi moja, kati ya chai na wimbo wa taifa. Kila mahali pa kazi patakuwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, atakayechaguliwa na wenzake, naye atakuwa na haki zote. Waziri alilitilia mkazo hilo neno "zote" kwa kupiga ngumi meza ya bunge, na mbunge mmoja aliyekuwa usingizini akaamka akaunga mkono hoja.

Hivyo ndivyo Sikudhani Mlekwa alivyopatikana na haki, maskini, mwanamke asiye na kosa lolote.

Alikuwa mjane wa makamo, mkavu wa mwili na mkali wa sauti, mfanyakazi wa idara ya brashi, zinakosuguliwa nyuzi, katika Kiwanda cha Taifa cha Kamba. Kiwanda hicho kilikuwa fahari ya Mustarehe. Mkonge uliingia mbichi upande huu ukatoka kamba upande wa pili. Nyingine zikauzwa nje, nyingine zikabaki nchini kwa matumizi ya magereza. Kati ya pande hizo mbili ilikuwapo mitambo inayokwangua majani ya mkonge kwa visu vinavyozunguka, mpaka zibaki nyuzi tupu, yaani singa. Wafanyakazi waliiita korona. Mtu hukaa mbele ya korona akailisha majani kwa mikono, na kati ya mikono na visu huwa kuna kifuniko cha chuma.

Korona namba tatu haikuwa na kifuniko. Kiling'olewa kwa amri ya Meneja, Bwana Chambilecho, baada ya Waziri kutangaza kwamba Mustarehe itaongoza dunia kwa kamba. Kifuniko, ilionekana, kilipunguza kasi ya kuongoza.

Jumanne moja korona hiyo ilimnyang'anya Kibwana mkono wa kulia. Kibwana alikuwa mtu mpole, mcheza bao hodari. Wenzake waliona, wakainamisha vichwa, wakaendelea kulisha mitambo yao, kwani mnyapara alikuwa amesimama pale. Aliyepiga kelele ni Sikudhani. Alipiga kelele mpaka umeme ukazimwa, kisha akavua khanga yake akamfunga Kibwana bega. Kesho yake, korona ilipowashwa tena, aliyekalishwa kwenye kiti cha Kibwana ni Siwema, dada wa marehemu mume wa Sikudhani, aliyekuwa akikaa naye nyumba moja.

Kwa hiyo ulipofika uchaguzi wa mwakilishi, hakuna aliyejisumbua kugombea. Watu walimtazama tu Sikudhani.

"Nataka kitu kimoja," aliwaambia. "Kifuniko kirudi. Wifi yangu yuko pale."

Wakampigia makofi. Hata mnyapara alipiga, ila polepole.

*

Haki ya kwanza kumfikia ilikuwa haki ya ofisi.

Ilijengwa kilimani, nyuma ya matangi ya maji, mahali ambapo mlio wa kiwanda hausikiki, ili mwakilishi afikiri kwa utulivu. Ilikuwa na zulia, na kiti cha kuzunguka, na picha ya Mheshimiwa Tandabui akitabasamu. Waziri alikuja mwenyewe kukata utepe.

"Wapo wanaosema serikali hii inawaweka chini wafanyakazi," alinguruma. "Mtazameni huyu mama! Yuko juu ya matangi ya maji!"

Siku ya pili Sikudhani alishuka kwenda kumwona Siwema kwenye korona. Hakufika mbali. Alizuiwa mlangoni na Mkaguzi wa Haki, mtu mwembamba aliyeletwa na wizara kulinda haki za Sikudhani zisipotee hata moja. Mkaguzi huyu alikuwa mwepesi wa machozi na leso haikumtoka mkononi.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kazini."

"Usiseme hivyo!" Leso ilipanda machoni. "Sheria imekuondolea kazi ili uwawakilishe wenzako. Ukikanyaga humo ndani utakuwa umefanya kazi, na ukifanya kazi utakuwa umedhulumiwa. Nami sitakubali udhulumiwe, labda nife."

"Sasa nitajuaje shida zao?"

"Watakuja ofisini kukueleza. Ni haki yao."

"Lini? Saa za kazi haruhusiwi mtu kuacha mtambo."

"Baada ya kazi."

"Baada ya kazi umenifungia ofisi."

"Kwa sababu una haki ya kupumzika," alisema Mkaguzi, na sasa alilia kweli.

Sikudhani alijaribu kumpita. Wakaitwa askari wawili, nao hawakumgusa, maana mwili wa mwakilishi ni mwiko. Walileta kile kiti cha kuzunguka, wakamkalisha, wakamwinua mabegani na kumpandisha kilimani. Wafanyakazi waliona kupitia madirisha kiongozi wao anabebwa kama bibi harusi wakadhani ni heshima. Wengine walipiga vigelegele.

Baada ya hapo ikaja haki ya kushauriwa. Kila asubuhi Bwana Chambilecho alipanda kilima, akihema, kuja kumshauri mwakilishi kama sheria inavyomtaka. Bwana Chambilecho hakuwahi kutamka rai yake mwenyewe tangu apewe umeneja. Alitumia za Waziri, na zilipokwisha alinyamaza. Alimwuliza Sikudhani paka wa ghalani aitwe nani. Alimwuliza lango lifunguke kwa ndani au kwa nje. Sikudhani alimjibu jibu moja kila siku.

"Kifuniko cha korona namba tatu."

"Ushauri umepokelewa."

"Mtakirudisha?"

"Chambilecho Mheshimiwa Waziri, kushauriana si kukubaliana."

"Bwana Meneja, yule mtoto wa watu atakatika mkono pale."

"Chambilecho Mheshimiwa Waziri, tusitabiri mabaya." Kisha akateremka, ameshauriana.

Jioni nyumbani Siwema alirudi akaketi mbele ya sinia. Hakuweza kuchambua mchele. Alitazama sinia tu. Sikudhani aliuvuta upande wake akachambua yeye.

"Wifi," alisema Siwema, "leo mkono wangu wa nguo ulishikwa. Ukachanika, ndiyo bahati yangu. Wewe huko juu unafanya nini?"

Sikudhani aliendelea kuchambua. Siku hiyo alikuwa ameshauriwa kuhusu paka.

*

Kibwana alipotoka hospitali alikuta ameshtakiwa. Kosa lake lilisomwa mbele ya Kamati ya Nidhamu, akiwa amesimama na shati lenye mkono mmoja mtupu: kuingiza kiungo binafsi ndani ya mali ya taifa bila kibali, na kuchafua singa daraja la kwanza.

Sikudhani alikaa kando yake. Hiyo nayo ilikuwa haki: mfanyakazi anayeshtakiwa asindikizwe na mwakilishi wake. Alikuwa amekesha akipanga maneno.

"Kibwana," aliuliza mwenyekiti wa kamati, "ulikuwa na kibali cha kuingiza mkono?"

"Mtambo haukuwa na kifuniko," alisema Sikudhani.

Mkaguzi wa Haki alimgusa bega kwa huruma. "Mama, hilo ni jibu. Msindikizaji ana haki ya kusema, ila hana haki ya kujibu."

"Basi nasema. Mtambo haukuwa na kifuniko."

"Ukisema baada ya swali, ni jibu. Sema kabla ya swali."

"Kabla ya swali nitajuaje mnauliza nini?"

"Hilo sasa," alisema mwenyekiti kwa upole, "ni swali, na maswali ni haki ya kamati."

Kibwana aligeuka akamtazama Sikudhani. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayesubiri kuambiwa asimame au akae. "Dada," alinong'ona, "niseme nini?"

Sikudhani alifungua mdomo. Leso ya Mkaguzi ilipanda. Akaufunga.

"Sikuwa na kibali," alisema Kibwana.

Alifukuzwa kazi, na kwa kuwa utu ni nguzo ya Mustarehe, alipewa pole. Alipotakiwa kutia dole gumba kuthibitisha kwamba amepokea pole, alinyoosha kwa mazoea ule mkono usiokuwapo, na kamati nzima ikakohoa.

Sikudhani alirudi ofisini akakaa kwenye kiti cha kuzunguka. Alifikiria jinsi alivyokaa pale, amevaa gauni la Idi, na jinsi kukaa kwake kulivyoifanya shughuli nzima ionekane ya haki. Asingekuwapo, wangekuwa wamemfukuza kilema tu. Kwa kuwa alikuwapo, walikuwa wamefuata sheria.

*

Asubuhi iliyofuata Mkaguzi alipokwenda kujipangusa uso, Sikudhani alipita nyuma ya matangi, akajitanda khanga hadi puani, akaingia kiwandani kwa mlango wa makapi. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye ukuta wenye swichi kuu, nyekundu, kubwa kama kitasa cha lango. Akaisukuma kwa viganja viwili.

Mitambo yote ilikata roho pamoja.

Kiwanda hakikuwahi kunyamaza tangu uhuru. Watu waliogopa ule ukimya, wakatazamana. Kisha mzee mmoja wa idara ya kusokota akaketi chini, na mwingine akaketi, na hatimaye watu wote walikuwa wameketi sakafuni katikati ya singa, na Siwema akaja akaegemea goti la wifi yake akalia kwa kwikwi.

"Hatutaki mengi," Sikudhani alimwambia mnyapara. "Kifuniko."

Waziri aliwasili kabla ya adhuhuri na msafara, na nyuma ya msafara lori, na ndani ya lori masufuria ya pilau. Harufu iliingia kabla yake. Wafanyakazi hawakuwa wamekula nyama tangu sikukuu.

"Ndugu zangu," alisema Mheshimiwa Tandabui kwa sauti ya baba, "nimeambiwa watu wamegoma. Nani amegoma?"

"Sote!" walijibu.

"Hapana. Msijisingizie. Sheria inasema mwakilishi husimama badala ya wenzake. Basi aliyegoma ni yeye. Ninyi mmepumzika tu, na kupumzika si kosa." Aliacha maneno yakae. "Sasa, huyu mama ana kinga. Serikali haiwezi kumgusa hata unywele. Tukimgusa wafadhili watalia. Lakini ninyi mliomweka mnaweza kumtoa. Hiyo ni haki yenu, na mimi nimekuja kuilinda. Wanaotaka atoke watanyoosha mikono, kisha watapita upande huu, kwenye kivuli, kwenye masufuria. Wasiotaka nawaheshimu vilevile. Watapita upande ule, na watapeana zamu kwenye korona namba tatu."

Mtu wa kwanza kunyoosha mkono aliunyoosha nusu, kama anayejikuna. Kisha wa pili. Kibwana naye aliletwa, alikuwa amechukuliwa nyumbani kwa gari la wizara na kuahidiwa ubawabu. Aliinua mkono uliobaki, akautazama huko juu kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Sikudhani hakuwatazama hao. Alimtazama Siwema. Siwema alikuwa ameondoka gotini pake na kusimama pembeni. Meneja alimwinamia akamnong'oneza neno, moja au mawili. Siwema akafumba macho, akanyoosha mkono.

"Kauli moja!" alishangilia Waziri. "Hii ndiyo demokrasia, ndugu zangu: mikono juu!"

Palepale akachaguliwa mwakilishi mpya, na Waziri mwenyewe ndiye aliyekumbuka kumpendekeza: Siwema. Na kwa kuwa kiti cha korona namba tatu kilibaki wazi, na Sikudhani hakuwa tena na kinga wala ofisi, akapangiwa hicho.

Jioni Siwema alirudi nyumbani na mfuko wa nailoni. Aliuweka mezani. Ulikuwa na pilau.

"Nimekuwekea," alisema.

Sikudhani alikuwa akimenya mihogo. Hakuinua uso.

"Waliniambia nikinyoosha nitatoka pale kwenye mtambo," alisema Siwema. "Wifi, ningefanyaje? Niambie. Ningefanyaje mimi?"

"Nilitaka utoke pale. Umetoka."

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Ndilo nililokuwa nikilipigania." Kisu kiliteleza kwenye muhogo. "Umekula?"

"Imenishinda kumeza."

Sikudhani aliuvuta mfuko, akaufungua, akala lile pilau tonge kwa tonge mpaka likaisha, kwa sababu kesho yake alihitaji nguvu. Lilikuwa pilau zuri. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

*

Sikudhani aliilisha korona namba tatu jinsi mtu anavyomlisha mbwa asiyemjua. Jani moja. Akarudisha mikono. Akatazama visu. Jani jingine. Mnyapara alipiga kelele karibu na sikio lake, naye akaitikia "ndiyo bwana", akaendelea vilevile. Kwa kuwa kamba za Mustarehe zilitegemea singa za korona namba tatu, kiwanda kizima kilianza kutembea mwendo wa Sikudhani. Hakukuwa na mgomo. Kwa hiyo hakukuwa na kiongozi wa kumtoa. Watu walikuwa kazini, wanasubiri singa.

Wakubwa walimpelekea ujumbe mwakilishi mpya ashuke akawahimize wenzake. Siwema alikaa kwenye kiti cha kuzunguka akakizungusha kidogo.

"Nikishuka nitakuwa nimefanya kazi," alisema. "Mkaguzi atalia."

Basi akaja Waziri tena, safari hii na wapiga picha wa televisheni, kwa kuwa wafadhili walikuwa njiani kuja kuona haki. Alivaa joho la darizi za dhahabu, lenye mikono mipana, alilotunukiwa juzi na chuo kikuu kwa utafiti wake juu ya utiifu.

"Taifa linadanganywa," aliiambia kamera. "Linaambiwa mtambo huu ni hatari. Mtambo huu ni mpole! Mtambo huu unampenda mchapakazi na unamchukia mvivu. Sogea, mama. Leo Waziri wako atakufundisha kazi."

Sikudhani aliinuka. Waziri akaketi, akatwaa majani kwa mafungu, akayasukuma. Korona ilinguruma na singa zikatoka nyeupe upande wa pili. Watu wa wizara walipiga makofi. Waziri aliigeukia kamera, akatabasamu, akasukuma mengine bila kutazama.

"Mheshimiwa," alisema Sikudhani, "tazama mkono. Usitazame kamera."

"Wewe si mwakilishi tena," alijibu Waziri, bado anatabasamu. "Huna haki ya kuniasa."

Darizi ilishikwa kwanza. Ilivutwa taratibu, uzi wa dhahabu baada ya uzi wa dhahabu, na Waziri akautazama mkono wake wa joho unavyokwenda kama anayeona mtu anamwibia hadharani. Kisha akaelewa, akapiga kelele.

Hakuna aliyesogea. Mnyapara alimtazama Meneja, Meneja alimtazama Waziri, akisubiri aseme neno la kunukuu. Wafanyakazi waliinamisha vichwa, kama walivyozoeshwa. Sikudhani alikuwa hatua chache kutoka kwenye swichi. Alijua ni yeye atakayekwenda. Na kabla hajakwenda, alisimama. Hakusimama sana. Lakini alisimama akitazama, na ndani yake palikuwa shwari kabisa, na alimwona Kibwana ananyoosha dole gumba lisilokuwapo, na hakuona sababu ya kuharakisha. Mpaka leo hajamwambia mtu habari ya ule utulivu.

Halafu alikimbia, akaisukuma swichi. Mtambo ulisimama kwenye kiwiko.

*

Mustarehe iliomboleza. Bendera zilishushwa nusu mlingoti na redio ikapiga nyimbo za dini. Mkono wa Mheshimiwa Tandabui, ulioitwa sasa Mkono wa Taifa, ulizikwa katika uwanja wa mashujaa, ndani ya jeneza dogo la mninga. Mizinga ililia. Mshairi wa ikulu aliusifu kwa jinsi ulivyopiga ngumi meza za nchi. Waziri mwenyewe alihudhuria, akaupungia kwaheri kwa ule wa pili.

Wafanyakazi wa kiwanda walipangwa mstari kupita mbele ya kaburi. Kibwana, ambaye sasa alikuwa bawabu na amevaa sare, alimsogelea Bwana Chambilecho.

"Samahani bwana. Ule wangu uliwekwa wapi?"

Meneja alifikiri. "Ulitoka na makapi. Yalimwagwa bondeni."

"Ningependa kujua sehemu gani ya bonde."

"Chambilecho Mheshimiwa Waziri," alisema Meneja, "kila mkono na cheo chake."

Kuhusu kifuniko, kilirudishwa siku ileile ya ajali, kabla ya kahawa ya alasiri. Hakikutafutwa sana. Kilikuwa ghalani, nyuma ya mlango, paka amekifanya kitanda. Na Waziri akiwa hospitali alitangaza, kupitia msemaji, kwamba baada ya utafiti wa kina alioufanya mwenyewe, amegundua umuhimu wa vifuniko. Kila mtambo wa Mustarehe uwe nacho, na siku hiyo iwe sikukuu. Wafadhili walipofika walivipapasa vifuniko, wakaridhika.

Sikudhani alishtakiwa kwa makosa mawili: kuchelewa kuuzima mtambo, na kuuzima bila kibali.

Kamati ilikuwa ileile. Siwema alikaa kando yake kama msindikizaji, amevaa viatu vipya vinavyombana. Mwenyekiti, mtu wa haki, alimpa nafasi ya kusema kabla ya maswali.

Siwema alisimama. Alimtazama Mkaguzi, akamtazama Meneja, akashika ukingo wa meza.

"Huyu ni wifi yangu," alisema. "Tunapika chungu kimoja."

Akangoja kama litakuja jingine. Halikuja. Akakaa.

Mkaguzi wa Haki alilia sana, hata leso haikutosha. Kisha maswali yakaulizwa, Sikudhani akayajibu yote kwa "ndiyo", akafukuzwa kazi kwa mujibu wa sheria, mbele ya mwakilishi wake. Hapakuwa na haki hata moja iliyokosekana.

Alitoka peke yake. Kibwana alimfungulia lango, akataka kusema kitu, akapiga saluti badala yake, vibaya, kwa mkono wa kushoto. Nje, juani, alisimama mwanamke mgeni na kifurushi kichwani, miguu ina vumbi la safari. Alikuwa akisikiliza kiwanda.

"Shikamoo mama," alisema. "Eti humu kuna nafasi ya kazi?"

"Marahaba. Ipo moja. Imetoka sasa hivi."

"Nimesikia ni kazi ya hatari."

"Ilikuwa."

Mwanamke alishusha pumzi. "Ndiyo hivyo, nimesikia kwenye redio. Wanasema Waziri amewawekea vifuniko, ametoa mkono wake kwa ajili yenu." Alitikisa kichwa kwa mshangao. "Viongozi kama hao wako wapi siku hizi? Mungu amzidishie umri."

Sikudhani alijifunga khanga vizuri kiunoni.

"Amina," alisema, akashika njia.